Barua pepe za kundi zinachelewa? Huenda Mailman haina kosa

Tangazo la kikao cha saa nne limetumwa saa mbili asubuhi, wanachama wanalipata saa saba mchana. Lawama zote huiangukia Mailman, programu ya bure inayosambaza barua pepe za makundi, na fundi anaanza kuwaza kununua seva kubwa zaidi. Asubiri kwanza.

Mailman haipeleki barua yenyewe. Inapanga anwani, kisha inaikabidhi programu ya posta kama Postfix. Mara nyingi kinachokwama ni makabidhiano hayo. Posta ikiwa imewekwa ihakiki kila anwani kwenye DNS kabla ya kuikubali, Mailman inabaki imesimama mlangoni. Anwani moja ikichukua sekunde mbili, watu 900 ni nusu saa nzima. Na hiyo ni barua moja tu!

Kwenye Mailman 2, pa kuangalia ni folda ya qfiles/out. Mafaili yakirundikana humo huku prosesa imetulia, mashine haijaelemewa, inasubiri tu. Dawa ni kuondoa ukaguzi huo kwa barua zinazotoka ndani ya seva yenyewe. Za nje ziendelee kukaguliwa, la sivyo spamu itamiminika.

Kuna na mbwembwe za kumwandikia kila mwanachama jina lake. Kwa kawaida Mailman hukabidhi ujumbe mmoja wenye anwani hadi 500 kwa mpigo. Mbwembwe zikiwashwa, kila mtu anatengenezewa nakala yake. Kundi la watu 40 halitaona tofauti. La watu 5,000 litaiona siku hiyohiyo.