Burundi: Minyoo hai, karamu inayomdhuru samaki wa mapambo

Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipoanzisha biashara hiyo mjini Bujumbura, samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege kwenda kupamba matangi ya kioo ughaibuni. Baadhi yao huistahimili safari hiyo ndefu, kisha hufa kwa ukarimu wa wafugaji wao.

Mfugaji hufurahi kumwona samaki akirukia minyoo hai au viluwiluwi vya mbu, na kwa samaki wengi hicho ni chakula bora. Sivyo kwa jamii ya Tropheus. Ziwani, samaki huyu hushinda akikwangua mwani juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kuliko mwili mara kadhaa. Apewapo minyoo huila kwa pupa, wala hajui kujizuia. Wafugaji wazoefu huhusisha mlo huo na maradhi ya tumbo: samaki huvimba, hususia chakula, na kundi zima huweza kuteketea.

Jirani yake Cyprichromis huishi katika maji ya wazi akila vijidudu vinavyoelea, hivyo vijidudu hai humfaa.

Minyoo myekundu ya matopeni ina hatari zaidi, kwani hustawi penye maji machafu na huweza kubeba vimelea. Viluwiluwi vya pipa la maji safi ni afadhali, mradi vivuliwe kabla havijawa mbu. Tropheus yeye hutosheka na mwani wa spirulina, kidogo kidogo.