Wavuvi wa Garissa nao waandikwe

Kila mwaka, kuanzia Novemba hivi, upepo wa kaskazi unaposhika zamu yake, habari za uvuvi wa Malindi na Watamu huenea mbali. Wageni hufika na fimbo zenye magurudumu ya kukunjia mshipi, manahodha huamka kabla ya alfajiri, na jioni watu hukusanyika ufuoni kuuliza ni nani aliyempata sulisuli na ni nani aliyempoteza nduwaro baada ya kushindana naye saa mbili nzima. Bahari wakati huo huwa ya joto, maji ni ya buluu na safi, na sulisuli huwafuata samaki wadogo hadi karibu na miamba. Ifikapo Aprili upepo wa kusi huanza kuvuma, mawimbi huumuka, Mto Sabaki humwaga tope lake jekundu baharini, na vyombo vingi vya mchezo huo hupumzishwa hadi karibu na Septemba.

Uvuvi huo umeandikwa sana. Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani, aliweka kambi ya uvuvi Shimoni mwaka 1954, na hadi leo wenye hoteli hawachoki kumtaja. Hata samaki mwenyewe siku hizi huandikwa. Sulisuli akivutwa mpaka ubavuni mwa chombo, mara nyingi hauawi. Hudungwa kijialama chenye nambari karibu na pezi la mgongoni, nahodha hujaza kadi kueleza tarehe, mahali na uzito wa kukisia, kisha samaki huachiliwa aende zake. Akivuliwa tena, iwe hapa kwetu au katika nchi nyingine, itajulikana alitoka wapi na alisafiri kwa muda gani.

Nimezaliwa katika mambo hayo. Marehemu baba yangu alikuwa baharia katika vyombo vya kukodishwa vya Malindi. Yeye ndiye aliyenifundisha neno kurambaza kabla sijajua kusoma. Kurambaza ni kuvua kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya chombo kinachokwenda, chambo kikifuata kama kisamaki kilichoachwa na wenzake. Kwangu mimi neno hilo lilikuwa na harufu ya chumvi, na sikuwahi kudhani kwamba laweza kuwa na maana nyingine.

Ndipo sasa nije kwenye kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliwatungia wanafunzi wangu wa mwaka wa pili mtihani wa msamiati, na miongoni mwa maneno ya kueleza nikatia hilo. Wengi walilikwepa. Binti mmoja kutoka Garissa aliandika kwamba kurambaza ni kuvua huku umesimama ukingoni, ukiuachia mshipi uende na maji hadi ufike penye kina, kisha ukauvuta polepole kinyume cha mkondo. Nilicheka peke yangu ofisini. Nikashika kalamu ya wino mwekundu, nikapiga mkasi, na pembeni nikaandika, "Chombo kiko wapi?" Alama mbili zikaenda na maji.

Binti huyo hakulalamika. Baada ya matokeo alinijia, akanisalimu kwa adabu, akasema, "Mwalimu, ukipata nafasi, njoo kwetu umwone mjomba." Nilimwahidi kama wanavyoahidi walimu, yaani bila nia ya kutimiza. Lakini Agosti 2022 nilikuwa na shughuli ya siku nne mjini Garissa, na siku ya pili jioni, joto lilipopungua kidogo, akanipeleka mtoni.

Msomaji ambaye hajafika Garissa huenda anashangaa. Samaki katika Kaskazini Mashariki? Tumezoea kulitaja eneo hilo kwa ngamia, mbuzi na ukame, na ni kweli kwamba mji wenyewe hupata mvua ya kama milimita 300 tu kwa mwaka. Lakini mji huo umekaa kwenye ukingo wa mashariki wa Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, wenye zaidi ya kilomita 1,000 tangu milimani hadi unapokutana na bahari Kipini. Vuka daraja tu uko Madogo, katika Kaunti ya Tana River. Na kandokando ya maji hayo wameishi tangu zamani Wamunyoyaya na Wamalakote, watu wa jembe na ndoana, ambao wenye takwimu huwasahau kila wanapohesabu mifugo.

Kwa mwanaisimu, hapo ni mahali pa ajabu. Kimunyoyaya ni tawi la Kioromo. Lugha ya Wamalakote, ambayo wengine huiita Kiilwana, ni ya Kibantu, lakini imekaa na Waorma kwa muda mrefu hata ikabadilika sauti na maneno. Profesa Derek Nurse aliichambua katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. Kisomali ndiyo lugha ya soko. Kiswahili kinawaunganisha wote, na bila shaka hakiwezi kupita katika vinywa vingi hivyo kikatoka kama kilivyoingia.

Mjomba tulimkuta ameketi juu ya gogo, miguu tupu, macho hayabanduki majini. Hakuwa na fimbo wala gurudumu. Alikuwa na mshipi wa nailoni aliouzungusha kwenye kipande cha mti, ndoana moja, na mahali pa chubwi alifunga nati ya gari. Chambo kilikuwa utumbo wa mbuzi, kitu kisichokosekana Garissa. Kando yake alikaa kijana wa jamii ya wafugaji. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu minne mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, na ng'ombe wa baba yake walikuwa wamekwisha wote. Kijana huyo alikuwa akijifunza kuvua, lakini kila mtu alipopita juu yetu aliinamisha uso. Wazee wake waliuona uvuvi kuwa kazi ya asiye na mfugo, naye hakutaka kutangaza kwamba sasa ndiye huyo.

Nilimsalimu mzee shikamoo, akaitikia. Binti akamweleza kwamba mimi ndiye yule mwalimu. Nikaona aibu, kwa kuwa nilielewa kwamba kisa cha wino mwekundu kilikwisha kufika nyumbani.

"Mwalimu," akasema bila kunitazama, "wewe ukirambaza, kinachokwenda ni nini?"

"Chombo, mzee wangu."

"Basi hapa kinachokwenda ni mto."

Akaurusha mshipi. Ulielea kidogo, mkondo ukauchukua, nati ikauzamisha, naye akaanza kuurudisha kwake taratibu, akiukaza na kuulegeza. Nilitazama kazi ile ile aliyoifanya baba yangu nje ya Malindi, ila chombo kimesimama na bahari ndiyo inayotembea. Binti aliandika sawasawa. Aliyekosa ni msahihishaji.

Nitaongeza jambo moja linalonichoma zaidi. Wataalamu wa kompyuta wamelichukua neno lilo hilo, na siku hizi urambazaji ni kutafuta njia katika kurasa za intaneti, pasipo maji, wala ndoana, wala samaki. Sisi walimu tumelipokea bila kunung'unika. Tulilikubalia lipande kwenye mashine, lakini tukalikatalia lisipande mto kutoka pwani hadi Garissa, ambako angalau lina kitoweo.

Kuanzia jioni hiyo nilianza kuuliza hali ya maji kama ninavyouliza nikiwa nyumbani. Nilijifunza kwamba mvuvi wa Garissa haangalii mawingu ya juu yake. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, kwa hiyo anachotaka kujua ni kama imenyesha Nyeri, Embu na Meru. Mto hujaa mara mbili kwa mwaka, Aprili na Mei, kisha Novemba na Desemba. Ukiwa mwekundu na mzito, mgeni hudhani hakuna la kufanya. Kumbe huo ndio wakati wa kambare, kwa sababu kambare hatafuti chakula kwa macho bali kwa sharubu. Perege hutaka maji yaliyotulia na kutakata, kwenye vidimbwi vya pembeni. Kiangazi kikizidi na vidimbwi vikaanza kukauka, kambare hustahimili, maana anaweza kuvuta hewa ya juu, na hapo hata mtoto hurudi nyumbani na mzigo.

Yuko pia mkunga wa mtoni. Huyu ndiye kiungo cha Garissa na Bahari ya Hindi, kuliko hata barabara. Mkunga huzaliwa katika kina cha bahari, huja na mikondo akiwa mdogo na mwembamba kama uzi unaong'aa, huingia mdomoni mwa mto, hupanda miaka na miaka, kisha akikomaa hushuka tena kwenda kuzaa huko huko alikozaliwa na kufa. Anayemvua Garissa anavua samaki wa bahari kuu kama anayemvua sulisuli. Tofauti ni kwamba hakuna anayemjazia kadi.

Mto huo, hata hivyo, si ule waliourithi wazee. Juu kuna mabwawa ya umeme yaliyojengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Sina ugomvi na umeme; makala haya nayaandika kwa taa yake. Lakini ukuta wa bwawa humzuia mkunga apandaye, tope na rutuba hutuama nyuma yake, na mafuriko ya wastani, yaliyokuwa yakimwagika kila msimu katika maziwa madogo ya kando ya mto, hupungua. Mafuriko ni msiba kwa aliyelima ukingoni, bali kwa kambare ni arusi. Katika maji yale mapana ya kina kifupi ndimo anamotaga mayai. Mjomba alikuwa na majina ya hatua za mto ujaapo, kuanzia maji yanapobadilika rangi hadi yanapovuka ukingo. Mengine, alisema, hajapata sababu ya kuyatamka kwa miaka mingi, na vijana hawayajui.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sulisuli wa Malindi akitoweka kesho, zipo kadi, picha na vitabu vya kuonyesha alikuwa wapi, lini na kwa wingi gani. Tana wa Garissa kumbukumbu yake kubwa ni maneno ya watu wachache wanaouvua kwa nailoni na nati. Katika majina yao ya samaki, ya chambo na ya maji mna habari ambazo ofisi ya uvuvi ingetumia fedha nyingi kuzikusanya upya. Maafisa wa uvuvi wa kaunti hizi mbili za ukingoni wangeweza kuanza kwa daftari la kawaida: tarehe, rangi ya maji, samaki aliyepatikana, jina aitwalo na mvuvi. Na sisi wa vyuo, tunaowatuma wanafunzi kuhesabu viambishi, tungewatuma mtoni mara moja kwa mwaka. Yule kijana aliyeinamisha uso angepata kujua kwamba anachojifunza ni elimu. Somalia ilipopigwa na ukame wa 1974 na 1975, serikali iliwahamishia maelfu ya wafugaji katika vijiji vya pwani wawe wavuvi; wengi walirudi kwenye malisho mvua iliponyesha, lakini wako waliobaki na bahari. Hao walipelekwa na serikali. Kijana wa Garissa amekuja mtoni kwa miguu yake mwenyewe.

Alama mbili za binti nilizirudisha kwa barua kwa wanaohusika, ingawa alikuwa amekwisha kuhitimu na hazikumfaa kitu. Alizipokea kwa kicheko. Jambo alilolifanya yeye ni kubwa zaidi: alinunua daftari, na kila aendapo likizo humkalisha mjomba na kuandika. Alikuwa amefikisha maneno 41 mvua kubwa zilipokuja mwishoni mwa 2023, na nyingine Aprili 2024, barabara ya kati ya Garissa na Madogo ikazama na watu wakavushwa kwa mashua. Shamba la mjomba lilikwenda lote. Aliponipigia simu, binti alisema mzee amehamia penye mwinuko kwa jamaa zake, mbali na mto, na kwamba tangu ahamie hataki sana kuzungumza. Ila aliuliza kama maji yamefika kwenye lile ziwa dogo la nyuma ya shamba, na alipoambiwa yamefika, alilitaja kwa jina ambalo binti hakupata kulisikia. Hilo ni la 42.

Mwezi ujao nakwenda Garissa. Mzee ameniagiza chubwi mbili za risasi kutoka Malindi, maana nati, asema, hushika kutu.