Anayeishia Lamu Yuko Barazani: Hazina za Kisiwa cha Pate

Kila mwaka unapofika wakati wa Maulidi, majahazi na mabasi hujaa watu wa Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja, wote wakielekea Lamu kwenye msikiti wa Riyadha aliouasisi Habib Swaleh. Baada ya Maulidi watu huzunguka mjini. Hutazama mashindano ya punda na ya mashua, huingia ngomeni, hununua halua, kisha hao hurudi makwao wakisema wameiona Lamu yote. Mimi nasema hao wameketi barazani, ndani hawajaingia. Ndani kwenyewe ni ng'ambo ya mkondo, katika kisiwa cha Pate.

Siidharau Lamu, msomaji mpenzi. Ni mji ambao dunia nzima imeukubali, na mwaka 2001 shirika la UNESCO liliutia katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Ngome yake, iliyojengwa baina ya 1813 na 1821, ilikuwa jela hadi 1984, na leo mtoto wa shule huingia akatoka kwa hiari yake. Lakini ukifika katika jumba la makumbusho la Lamu, simama mbele ya ile siwa ya pembe ya ndovu. Waamu wana siwa yao ya shaba. Hii ya pembe ilitoka Pate, ikipulizwa kwa masultani wa Kinabahani ilipotokea harusi au jambo kubwa la dola. Siwa imevuka mkondo kuja Lamu, nasi tunaoitazama hatuvuki kwenda ilikotoka.

Safari yenyewe si ya shida kwa mtu anayejua kwamba bahari haina saa ya ukutani. Mashua za abiria zilizoea kuondoka Lamu kwa kufuata maji, kwani njia ya Mkanda, baina ya mikoko ya Manda na bara, ilikuwa haipitiki maji yakipwa. Jahazi likishapita hapo hukata hadi Mtangawanda, na kutoka Mtangawanda hadi mji wa Pate ni mwendo wa kama saa moja kwa miguu, au dakika chache kwa pikipiki. Mimi nilikwenda kwa miguu, na sikujuta.

Anayekwenda Pate kwa mara ya kwanza hutazamia jiji. Vitabu vimemzoeza kusoma habari za dola iliyotawala sehemu kubwa ya pwani ya kaskazini, na mji ambamo Mwengo bin Athumani alitunga Chuo cha Herekali mwaka 1728. Anachokikuta ni kijiji cha vichochoro vyembamba, nyumba za mawe zisizopakwa chokaa zimeshikana bega kwa bega, na wenyeji wapole wenye haya. Mji wa kale uko nje ya huu, nao umemezwa na mashamba. Nilipita baina ya kuta zenye vidaka, vile vidaka vya plasta ambamo mabibi wa Kipate walipanga sahani za Kichina, na chini ya vidaka hivyo ilikuwa imepandwa tumbaku. Katika chumba kimoja, ambacho bila shaka kilikuwa ndani ya nyumba ya mtu mkubwa, miche ya tumbaku ilikuwa imepangwa mistari kama watoto wa chuoni.

Simlaumu mkulima. Udongo wa magofu una rutuba, ukuta humkinga na upepo, na watoto wake hawali historia. Tena uharibifu huu si wa leo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, majumba ya Pate yalikuwa yamekwisha kuwa magofu, na kwayo aliikumbusha nafsi yake kwamba dunia haidumu. Baada ya kushindwa katika vita vya Shela, karibu na 1812, Pate haikuinuka tena, na Wanabahani wa mwisho walihamia bara, wakaweka makao yao Witu. Tofauti ni kwamba mshairi alizikuta kuta zimesimama. Sisi tunakuta mizizi ya mitini imepasua mihrabu, na kila masika jiwe jingine linaporomoka.

Kutoka Pate nilishika njia ya Siyu, mwendo wa kama saa mbili, jua likiwa kali na kivuli hakuna ila cha minazi michache. Hapa ndipo nataka nikawie, maana Siyu ndiyo iliyonivuta toka mwanzo.

Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi. Misahafu iliyonakiliwa hapa kwa mkono katika karne ya 18 na ya 19 ilijulikana pwani nzima. Mwandishi alitumia wino mweusi kwa maneno ya Mwenyezi Mungu, akapamba kurasa kwa rangi nyekundu na ya manjano, juu ya karatasi zilizoletwa kwa meli kutoka Ulaya. Mafundi wa hapa walichonga milango na viti vya enzi, wakashona makubadhi ya ngozi ambayo mtu wa Lamu au Mombasa hakuona haya kuyavaa siku ya Idi. Leo baadhi ya misahafu hiyo imo katika majumba ya makumbusho, na mingine ingali majumbani mwa watu, imefungwa katika vitambaa juu ya makabati. Ewe msomaji, ikiwa nyumbani kwenu uko mmoja, ufungue uone kama mchwa hawajautangulia.

Mafundi wa ngozi wamebaki wachache sana. Nilimkuta mmoja barazani kwake, mzee wa makamo ya babu yangu, ubao wa kukatia ngozi magotini. Nilipomsalimia aliinua macho.

"Ndoo, mwanangu, keti. Watoka wapi?"

"Mombasa, ami. Nimekuja kutembea tu."

"Kutembea Siyu?" Akacheka. "Wazungu ndio wendao kutembea. Nyinyi huya kuzika na kuoa."

Nikamwuliza kama ana mtu anayemfundisha kazi. Akanijibu, huku akivuta uzi, kwamba mjukuu wake alianza, akajua kukata nyayo na kupiga nakshi za ukingoni, kisha akanunuliwa pikipiki. "Pikipiki yalipa leo," akasema. "Kiatu changu chalipa mwezi ujao." Nilinunua jozi moja. Bei yake ilikuwa chini ya viatu vya plastiki vyenye jina la Ulaya.

Ngome ya Siyu iko ukingoni mwa mkono wa bahari, mikoko mbele yake. Wengi hudhani kila ngome ya pwani ni kazi ya Wareno au ya Waomani kututawala. Siyu ina habari nyingine. Katika karne ya 19 mtawala wake Bwana Mataka alikataa kuinama kwa Sayyid Said wa Unguja. Katikati ya miaka ya 1840 Sayyid alituma jeshi chini ya Amir Hamad, nao watu wa Siyu na wenzao wakalivunja na Amir mwenyewe akauawa. Kaburi lake liko Faza mpaka leo. Siyu haikusalimu amri mpaka 1863, enzi za Sayyid Majid. Na mke wa Bwana Mataka huyu ni nani? Ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi ambao watoto wetu wanausoma shuleni. Mwalimu anaufafanua ubeti kwa ubeti, lakini ni walimu wangapi wamepata kuuona mji ule?

Saa moja kusini ya Siyu, kwa njia ya michanga na vichaka, ziko kuta za Shanga. Mji huu ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15 na haukukaliwa tena, basi hapana nyumba mpya juu yake. Kuna kuta za nyumba zaidi ya 100, kaburi lenye nguzo, na nje ya ukuta wa mji makaburi kwa mamia. Lakini kilicho kikubwa Shanga hakionekani kwa macho, kiko chini ya msikiti wa Ijumaa. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Mark Horton na wenzake walipofukua hapo walikuta msikiti chini ya msikiti, na chini ya huo mwingine, hadi wakafika kwenye alama za nguzo za miti za msikiti mdogo wa karne ya 8. Hesabu mwenyewe: Mtume (s.a.w.) alikuwa amefariki, na haikutimia miaka 200, watu wakisujudu katika kisiwa cha Pate ndani ya kijumba cha miti na udongo. Zikapatikana pia sarafu ndogo za fedha, zenye majina ya Kiislamu, zilizopigwa papa hapa pwani. Nilisimama pale peke yangu, ndege wakilia, na nikaona haya kwamba nilipata kuyajua haya katika kitabu cha mgeni.

Faza nitaipita upesi. Wareno waliuangamiza mji ule mwaka 1587 na kukata minazi yake kwa maelfu, basi ya kale yaliyobaki ni haba: magofu ya msikiti wa Kunjanja na lile kaburi la Amir Hamad. Lakini kuna mkate wa mofa wa asubuhi, na samaki waliovuliwa usiku ule ule.

Sasa nitoe rai. Mwaka 2011 wageni wawili wa Ulaya walitekwa nyara katika pwani hii, na tangu hapo watalii wa nje wamekuwa wa kubabaisha: mwaka huu wapo, mwaka wa pili serikali zao zimewakataza. Magofu ya Pate hayawezi kungoja ruhusa zao. Madrasa zetu za Mombasa na Malindi huwapeleka watoto kutazama viboko na twiga kila likizo. Wapelekwe Shanga. Maalim asimame nao penye ule msikiti wa miti, wasali rakaa mbili, kisha waende Siyu wakamtazame fundi akishona. Kila mtoto akinunua hata kijimkanda cha ngozi, yule mjukuu huenda akaegesha pikipiki yake siku mbili kwa juma.

Anayetaka kwenda na azingatie haya: kwanza amwulize nahodha habari za maji, si za saa, achukue maji yake ya kunywa na kofia, avae nguo za heshima, kwani miji hii ina dini, na akipita katika magofu ya Pate asikanyage miche ya watu. Mashua ya kurudi Lamu huondoka alfajiri, na wakati mwingine kabla yake.