Kiatu cha Msaada Kimtoshe Mtoto

Mama msomaji, leo jioni mwanao akirudi kutoka shule, mwambie avue viatu, kisha umwangalie vidole vya miguu. Je, vimenyooka au vimejikunja? Kuna sugu juu ya kidole gumba? Kisigino kimekuwa chekundu? Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumejizoeza kuangalia miguu ya watoto hata kama mama amemleta mwanawe kwa homa au kikohozi, kwa sababu mara nyingi mguu husema yale ambayo mtoto mwenyewe hayasemi.

Jambo hili tulijifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilipokea magunia mawili ya viatu vya watoto kutoka kwa wafadhili wa mbali. Tulifurahi sana. Tukatangaza siku, watoto wakapanga foleni tangu asubuhi, nasi tukagawa. Ndani ya magunia yale mlikuwa na viatu vizuri, lakini mlikuwa pia na mabuti ya kuvaa kwenye theluji, na viatu vya mguu wa kushoto visivyo na wenzake. Hatukuwa na kipimo. Tulikadiria kwa macho, na mtoto aliyesema "vinanitosha" alipewa akaondoka navyo.

Binti mmoja wa darasa la pili alipata viatu vyeusi vya mkanda, vinang'aa. Alisema vinamtosha. Baada ya wiki mbili hivi, mama yake alimleta zahanati anachechemea. Kisigino kilikuwa na kidonda kilichoanza kutoa usaha, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umezama nyamani. Viatu vilikuwa vidogo kwake kwa namba mbili nzima. Tulipomwuliza kwa nini hakusema, alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliogopa: akisema vinambana, angenyang'anywa apewe mwingine. Tulimsafisha kidonda siku baada ya siku, na siku zote hizo hakwenda shule. Kidonda kile tulimpa sisi wenyewe, kwa mikono yetu na kwa nia njema kabisa.

Tangu hapo tumekuwa tukifuatilia habari za makampuni na vikundi vinavyotengeneza viatu vya watoto na kuvipeleka kwa jamii zisizo na uwezo. Wapo waliofanya vizuri, na wapo waliokosea wakajirekebisha. Kwa wote hao tumeona fundisho moja ambalo tungependa kuwashirikisha akina mama wenzetu.

Kiatu nacho ni kinga

Kwanza tuelewane: kiatu si pambo tu. Mtoto anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi huweza kupata safura. Vijidudu vya minyoo hiyo hupenya ngozi ya mguu, husafiri mwilini hadi kwenye utumbo, na huko hunyonya damu. Mtoto huwa mnyonge, macho na viganja hupauka, na darasani husinzia. Mama humwita mvivu, kumbe hana damu.

Kuna na funza. Huyu ni kiroboto jike anayejichimbia kwenye ngozi, aghalabu pembeni mwa kucha za miguu, kisha hujaa mayai na kuvimba. Mtoto mwenye funza wengi hawezi kukimbia na wenzake, huchekwa, na mwisho huacha kwenda shule. Nyumbani nako mara nyingi sindano moja hutumika kuwatoa funza watoto watatu au wanne, na huko ndiko inakopatikana hatari ya pepopunda na ya magonjwa yanayoambukizwa kwa damu.

Katika nchi kama Ethiopia, Uganda na Rwanda upo pia ugonjwa wa kuvimba miguu unaofanana na matende, lakini hauletwi na mbu. Huwapata watu wanaokanyaga kwa miaka mingi udongo mwekundu wa milima ya volkano bila viatu. Kinga yake ni ya kushangaza kwa urahisi wake: kuosha miguu kwa maji na sabuni, na kuvaa viatu tangu utotoni.

Hivyo basi, anayempa mtoto kiatu kinachomfaa amempa kinga. Lakini tuweke mkazo kwenye neno "kinachomfaa".

Wazo lililoanzia Nairobi

Mwaka 2007 kijana mmoja Mmarekani, Kenton Lee, alikuwa Nairobi akijitolea kwenye makao ya watoto yatima. Siku moja alipokuwa akitembea na watoto barabarani, alimwona binti mdogo aliyevaa gauni jeupe. Viatu vyake vilikuwa vidogo mno hata sehemu ya mbele ilikuwa imekatwa ili vidole vipate kutokeza. Kijana yule akajiuliza: kwa nini kusiwe na kiatu kinachokua pamoja na mtoto?

Alirudi kwao Nampa, katika jimbo la Idaho, na mwaka 2009 yeye na rafiki zake wakaanzisha shirika lililoitwa Because International. Hawakuwa mafundi viatu. Walipeleka wazo lao kwa makampuni makubwa ya viatu, lakini halikupokelewa. Mwishoni walishirikiana na kampuni ndogo ya ubunifu wa viatu, Proof of Concept ya Portland, jimbo la Oregon. Hapo ndipo tunapoona maana ya msemo wa wazee kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja alijua shida, mwingine alijua kukata na kushona, na waliojua kama kiatu kinafaa au hakifai ni watoto wenyewe, maana kilipelekwa Kenya kujaribiwa miguuni mwao kabla ya kutolewa.

Kiatu hicho, kiitwacho The Shoe That Grows, kilitoka mwaka 2014. Ni ndala ya mikanda, ambayo hurefushwa mbele, hupanuliwa ubavuni na kulegezwa nyuma kwa vifungo vya kubana, hata ikaongezeka namba tano. Soli yake ni ya mpira mgumu kama wa gurudumu la gari, na ilikusudiwa kudumu miaka mitano. Hutengenezwa kwa vipimo viwili tu, kidogo na kikubwa, kwa hiyo anayegawa hana haja ya kubeba namba kumi na tano tofauti. Tangu wakati huo zaidi ya jozi laki mbili zimegawiwa katika nchi nyingi, nyingi zikipelekwa na watu wa makanisa, shule na vikundi vya kujitolea waliozibeba kwenye mizigo yao.

Tukisoma habari hii tulimkumbuka binti yetu wa viatu vyeusi. Kama siku ile tungekuwa na kiatu cha namna hiyo, asingelazimika kusema uongo.

Hata hivyo, kama wauguzi na kama wazazi, tunayo maswali mawili. La kwanza: ndala huacha vidole wazi, na funza hupenda vidole. Kwa hiyo mahali penye funza, ndala peke yake haitoshi. Nyumba ifagiliwe, sakafu ya udongo imwagiwe maji vumbi litulie, na miguu ioshwe kila jioni. La pili: shule zetu nyingi hutaka viatu vyeusi vya kufunika. Mtoto mwenye ndala nzuri ya msaada aweza kurudishwa nyumbani getini. Anayetaka kugawa na amwulize kwanza mwalimu mkuu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jozi moja kwa jozi moja

Kampuni nyingine iliyojulikana sana kwa viatu vya msaada ni TOMS ya Marekani. Blake Mycoskie aliianzisha mwaka 2006 baada ya kusafiri Argentina na kuona watoto wasio na viatu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleweka: ukinunua jozi moja, mtoto maskini hupewa jozi moja. Watu waliupenda, na kwa miaka mingi viatu vya mamilioni viligawiwa.

Lakini watu walianza kuuliza maswali. Je, mafundi viatu wa huko vinakopelekwa watakula nini? Na je, viatu hivyo vinabadilisha maisha ya mtoto kweli? Kampuni haikuziba masikio. Iliwakaribisha watafiti kuchunguza kazi yake vijijini El Salvador, nao wakafuatilia watoto zaidi ya 1,500 katika jamii 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Watoto walivipenda viatu na wengi walivivaa mara kwa mara. Lakini afya ya miguu na mahudhurio shuleni hayakubadilika sana, kwa kuwa wengi wa watoto wale walikuwa na viatu tayari.

Liko jambo moja katika utafiti ule lililotugusa sisi akina mama kuliko yote. Watoto waliulizwa kama mahitaji ya familia yao yatimizwe na watu wengine au na familia yenyewe. Miongoni mwa wasiopewa viatu, 66 katika kila 100 walisema watu wengine. Miongoni mwa waliopewa, walikuwa 79. Yaani kiatu cha bure kilikuwa kimemfundisha mtoto, polepole na bila maneno, kwamba tegemeo lake si baba wala mama bali mgeni.

Kampuni ilijirekebisha. Ilianza kutengenezesha sehemu ya viatu vya msaada katika nchi zenyewe, zikiwemo Kenya na Ethiopia, na huko Haiti ilishirikiana na wasanii wa mji wa Port-au-Prince waliochora viatu kwa mkono na kupata ujira kwa kazi yao. Hatimaye iliacha utaratibu wa jozi kwa jozi na kuanza kutenga theluthi moja ya faida yake kusaidia vikundi vya wananchi. Hapa tunaona tofauti: msanii wa Haiti hakupewa kiatu, alipewa kazi, na mtoto wake alimwona baba au mama yake akirudi nyumbani na fedha ya jasho.

Tulivyofanya mara ya pili

Nasi katika kikundi chetu tulibadilika. Mwaka uliofuata hatukungoja magunia. Tulikwenda shuleni kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, tukawasimamisha watoto waliotajwa na walimu juu ya karatasi nene, tukachora kila mguu kwa penseli na kuandika namba badala ya jina, asijulikane nani ni nani. Karatasi zile tukampelekea fundi viatu wa sokoni. Mwanzoni alitucheka. Baadaye alituonyesha jinsi ya kuacha nafasi ya kukua na jinsi ya kushona kisigino kisichuje.

Hatukugawa bure. Kila mzazi alitoa alichoweza: mwingine fedha kidogo, mwingine mayai, mwingine siku moja ya kulima shamba la kikundi. Tena hatukuwaita watoto kwenye foleni. Tuliwakabidhi wazazi, wao ndio wakawavalisha watoto wao nyumbani. Viatu vilikuwa vichache kuliko vile vya magunia. Lakini hakuna mtoto aliyerudi kwetu na kidonda, na yule binti wa kisigino alipata jozi inayomtosha. Safari hii tulibonyeza mbele ya kiatu kwa kidole gumba kabla hajasema neno.

Pima mguu wa mwanao

Kwa kumalizia, mama mwenzetu, haya machache yakusaidie unaponunua kiatu dukani, mitumbani au unapopewa:

Pima jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kutwa nzima. Mtoto asimame, asikae. Pima miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa zaidi, nawe ufuate huo mkubwa.

Acha nafasi ya sentimita moja hivi kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu. Usinunue kikubwa mno ukisema "atakikulia". Mguu utateleza, mtoto ataanguka na kuchubuka.

Mtoto wa chini ya miaka mitatu huweza kubadili namba mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa hiyo umwangalie kila baada ya miezi mitatu. Ndani ya nyumba, kwenye sakafu safi, mwache atembee pekupeku, kwani huimarisha nyayo.

Kiatu cha mtumba kiangalie soli. Kama imelika upande mmoja, kitampinda mwanao kwa mwendo wa mtoto mwingine. Kioshe kwa sabuni na ukianike juani kabla hajakivaa.

Na ikiwa siku moja kampuni au wafadhili watakuja kwenye kanisa au shule yenu na viatu vya watoto, wapokeeni kwa heshima na shukrani, kisha waulizeni bila kuogopa: mmepima miguu ya nani? Fundi wetu ana nafasi gani katika kazi hii? Mzazi atashiriki vipi? Mfadhili mwema atafurahi kuulizwa. Nasi tunaogawa tusisahau kuinama chini, tukashika mguu wa mtoto kwa mkono wetu, kwa sababu yeye anaweza kuogopa kutuambia kwamba kinambana.