Kati ya "Hajui" na "Hajajua"

Muhula uliopita nilikwenda Thika kumkagua mmoja wa wanafunzi wetu wa chuo kikuu aliyekuwa katika mazoezi ya ufundishaji. Somo lilikuwa Kiswahili, darasa lilijaa hadi mlangoni, na kijana wetu alifundisha vizuri, kwa sauti ya kusikika na ubao uliopangika. Baada ya kipindi niliomba kuyaona madaftari ya insha. La kwanza lililonijia mkononi lilikuwa limetapakaa wino mwekundu ukurasa mzima, na chini kabisa yaliandikwa maneno matatu: "Makosa mengi mno." Nikamwuliza kijana ni makosa gani hayo. Akayatazama kidogo, akatabasamu, akanijibu: "Daktari, huyu hajui Kiswahili. Ni wale wa r na l."

Sikuweza kutabasamu naye. Mimi nami nilikuwa mmoja wa hao wa r na l, na nusura niiache shule kwa sababu hiyo. Ndiyo maana leo, kwa idhini ya msomaji, nitaanza na habari zangu kabla ya kuzigusa za wengine.

Nilizaliwa Ruiru na kusomea huko shule ya msingi katika miaka ya 1990, wakati ambapo mashamba ya kahawa yalikuwa bado yanafika hadi ukingoni mwa mji. Sisi watoto wa vibarua tulichuma kahawa wakati wa likizo ili tupate pesa za madaftari. Nyumbani tulizungumza Kikuyu, lugha isiyokuwa na sauti l. Masikio yetu hayakuwa yamewahi kuambiwa kwamba r na l ni vitu viwili. Kwa hiyo niliandika bila wasiwasi wowote kwamba mwanafunzi alinunua karamu dukani, na kwamba mgeni alitafutiwa mahari pa kurara.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alinisimamisha mbele ya wenzangu, akanitaka nitamke neno "kalamu" mpaka nilipate. Kila nilipokosa nilipata kiboko kimoja, na darasa likapata kicheko. Siku hiyo sikujifunza kutamka l. Nilijifunza kwamba r huleta kiboko. Matokeo yake ni kwamba kufikia darasa la tano nilikuwa nikiiepuka r hata mahali ilipostahili kuwa. Nikaandika "balua", "safali" na "habali za asubuhi". Makosa yangu yakaongezeka maradufu, na yale mapya yote yalizaliwa na woga. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa 47 katika darasa la watoto 49, na katika ripoti, mkabala na somo la Kiswahili, yaliandikwa maneno mawili tu: "Hajui kabisa."

Baba yangu, ambaye hakubahatika kusoma, alinitaka nimsomee ripoti hiyo. Nikamsomea. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nikiona faida ya kuendelea, au ingekuwa bora niungane naye shambani. Hakuwa mzazi mbaya. Alikuwa ameambiwa na mtu aliyesoma kwamba mwanawe hajui kabisa, naye aliamini.

Mwaka 1994 darasa letu la sita lilipata mwalimu mpya, mama mmoja wa makamo kutoka Gatundu. Baada ya insha ya kwanza aliniita wakati wa mapumziko. Alikuwa amechukua karatasi na kuyanakili maneno yangu yote yaliyokosewa katika safu mbili: upande mmoja yale niliyoweka r badala ya l, na upande wa pili yale niliyoweka l badala ya r. Akanisukumia karatasi ile na kuniuliza: "Unaona nini hapa?" Nilidhani ni mtego. Nilipotambua kwamba alikuwa akitaka jibu kwa dhati, niliyatazama maneno yale kwa mara ya kwanza bila ya kuogopa, nikamwambia kwamba safu ya kwanza ilikuwa ya zamani na ya pili ilikuwa ya tangu nianze kuchapwa. Akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "ulimi wako si mgonjwa. Lugha ya mama yako imeuonyesha mlango mmoja, na Kiswahili kina milango miwili. Mimi pia nilianza na mmoja."

Kuanzia siku hiyo, kila Jumanne na Alhamisi, nilibaki darasani dakika kumi. Alikuwa na kioo kidogo cha mkononi. Alinifanya nitazame ncha ya ulimi inavyoegemea ufizi na kutulia hapo nitamkapo l, na inavyougonga mara moja na kuondoka nitamkapo r. Nilipokosa hakusema "la" wala "umekosa". Alisema "bado", kisha tukarudia. Mwisho wa muhula aliandika katika ripoti yangu: "Hajaweza kutenganisha r na l katika kusema, ila ameanza kuzisikia." Baba aliponiuliza mwalimu huyu alikuwa akisema nini, nilimjibu kwamba anasema bado. "Kama ni bado," akasema, "basi rudi shuleni."

Leo ninafundisha isimu katika chuo kikuu, na kila ninapofika kwenye mada ya ukanushaji humkumbuka mwalimu yule. Kiswahili kimejaaliwa jambo ambalo lugha nyingi hulitafutia neno la ziada. Ukikanusha "anajua" unapata "hajui", na hapo habari imekwisha. Ukikanusha "alijua" unapata "hakujua", na mlango umefungwa nyuma yake. Lakini ukikanusha "amejua" unapata "hajajua", na kile kiambishi -ja- kinabeba ahadi nzima: jambo halijawa, lakini linatazamiwa kuwa. Tofauti kati ya "hajui" na "hajajua" ni silabi moja. Kwangu mimi, silabi hiyo ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya shule na shamba.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba neno tamu pekee humfundisha mtoto. Mwalimu anayesema "bado" kisha akaenda zake amemdanganya mwanafunzi, na huenda amemdhuru kuliko yule aliyenyamaza. "Bado" ya mwalimu wangu ilikuwa na karatasi ya safu mbili, ilikuwa na kioo, na ilikuwa na dakika kumi zilizotoka katika mapumziko yake mwenyewe. Aliyaona makosa yangu kuwa na mpango, akautafuta mpango huo hadi akaupata. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Pale pale Ruiru, katika kituo cha utafiti wa kahawa, wataalamu walihangaika kwa miaka mingi na miche iliyokuwa ikishambuliwa na kutu ya majani na ugonjwa wa kuoza matunda, mpaka mwaka 1985 wakatoa aina mpya inayostahimili magonjwa hayo, ambayo wakulima wanaijua kwa jina la Ruiru 11. Hakuna mtafiti aliyeuchapa mche kwa kuugua. Walichunguza kisa cha ugonjwa. Je, mtoto hastahili uchunguzi kama ule tunaoupa mti wa kahawa?

Wala jambo hili halikuanza kwetu. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walichapisha habari za utafiti walioufanya katika shule moja ya msingi jimboni California. Waliwapa walimu majina ya mwanafunzi mmoja hivi katika kila watano, wakidai kwamba jaribio maalumu limeonyesha kuwa hao wangestawi sana mwaka huo. Kumbe majina yaliteuliwa kwa bahati nasibu tu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa ya chini kabisa, watoto hao walikuwa wamepiga hatua kubwa kuliko wenzao katika majaribio ya akili. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu ukubwa wa athari hiyo, na haifai kuigeuza kuwa uganga. Hata hivyo, swali lililoulizwa na utafiti huo lingali linatukabili: ni mara ngapi mtoto huwa kile tunachomtarajia kuwa?

Thika yenyewe ina ushahidi wa wazi zaidi. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa chini ya Jeshi la Wokovu mwaka 1946, katika enzi ambapo watu wengi waliamini kwamba mtoto asiyeona ni wa kulishwa na kuhurumiwa tu. Walimu wa shule hiyo hawakuyarudisha macho ya mtu yeyote. Walileta nukta nundu, yaani maandishi ya nukta sita yaliyobuniwa mwaka 1824 na Louis Braille, kijana wa Ufaransa asiyeona ambaye alikuwa na umri wa miaka 15 tu. Mara vidole vilipopewa kazi ya macho, "hawezi kusoma" ikageuka kuwa "hakuwa amepewa njia ya kusoma".

Najua watakaonipinga. Wapo watakaonikumbusha methali kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haikuhusu r na l. Inamhusu mtoto aliyekosa adabu, nasi mara nyingi tumeitumia kumwadhibu mtoto aliyekosa maarifa. Aidha, sheria imekwisha kusema. Viboko viliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu za kumtesa na kumdhalilisha mwanafunzi, ziwe za kimwili au za kisaikolojia. Wengi wetu tumeiweka chini fimbo ya mti. Ile ya ulimi tungali nayo.

Wapo pia walimu watakaoniuliza, kwa haki kabisa, dakika kumi hizo zitoke wapi. Ruiru ya leo si ile ya utoto wangu. Mahali palipokuwa na mikahawa pamesimama majumba ya kupanga, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 370,000 katika eneo hilo. Watoto wao wote wanataka dawati. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hawezi kumwekea kila mmoja safu mbili kila wiki, na ni wajibu wa serikali, si wa mwalimu, kupunguza mzigo huo. Lakini mwalimu anaweza kuchagua daftari moja kwa wiki. Katika mwaka wa shule hayo ni madaftari zaidi ya thelathini.

Wengine watasema kwamba mageuzi ya elimu yamekwisha kulitatua tatizo. Mtihani wa KCPE, uliowapanga watoto wetu kwa alama, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na Mtaala wa Umilisi hauandiki "hajui" mahali popote. Unasema kwamba mwanafunzi anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia, au yuko mbali nayo. Mimi kama mwanaisimu ninakifurahia kitenzi hicho "kukaribia", maana ni ndugu wa "bado". Hofu yangu ni kwamba neno likishapigwa chapa kwenye fomu huacha kuwa ahadi na kuwa kisanduku cha kutiwa alama. Mtoto anayekaribia anapaswa kuelezwa amebakiza hatua gani, na nani atakayeipiga pamoja naye.

Baada ya ukaguzi ule wa Thika nilipitia Makongeni, anakoishi mwalimu wangu tangu alipostaafu. Nilimsimulia habari za kioo. Hakukumbuka. Hakuikumbuka hata karatasi ya safu mbili, jambo ambalo, nakiri, lilinichoma kidogo. Lakini aliniuliza kama nilipata kujua habari za mvulana aliyekuwa akiketi dirishani, aliyekuwa hasemi kitu. "Nilidhani ni mtulivu," akasema. "Aliacha shule muhula wa pili, nami sikwenda kwao kuuliza. Wewe makosa yako yalikuwa yakiniita. Yeye hakuandika cha kutosha hata akakosea." Zaidi ya miaka thelathini imepita, na huyo ndiye mwanafunzi anayemkumbuka.

Sikuwa na jibu, kwani hata mimi nilikuwa nimemsahau mvulana huyo. Ndipo nilipoelewa kwamba athari ya mwalimu haidumu kwa mwanafunzi peke yake. Inamfuata mwalimu pia, na inayomfuata kwa karibu zaidi ni ile ya neno ambalo hakulisema.

Siku chache baadaye kijana wetu alinitumia picha ya ukurasa uleule wa insha. Maneno yake matatu alikuwa ameyakata kwa mstari mmoja, na chini yake ameandika: "Hujatenganisha r na l. Hata wengine wetu tulianza hivyo. Njoo Jumatano wakati wa mapumziko." Kama mtoto alikwenda au hakwenda, sijaambiwa. Bado.