MTETEMO NA MAEGEMEO

Mnunuzi hodari hukigonga chungu kwa kidole kabla ya kukinunua. Chungu kizima hulia vizuri. Chungu chenye ufa hutoa sauti butu. Lakini jihadhari! Ukikikumbatia chungu kizima kwa mikono miwili na kukigonga, nacho hutoa sauti butu. Je, utakitupa?

Kitu kinachogongwa hutetema. Kitu kinachokishikilia huitwa egemeo. Egemeo huweza kuupunguza mtetemo au kuubadili. Kwa hiyo sauti uisikiayo si ya kitu peke yake.

Jaribio

Hata kama unakaa Mwimbi, katika nyanda za juu za Ufipa, au mahali pengine po pote, waweza kufanya jaribio hili. Tafuta ubao mkavu, mwembamba, wenye urefu wa sentimita 50; vitambaa viwili; mchanga mkavu kidogo; na kijiti.

1. Laza ubao juu ya meza. Ugonge katikati. Sikiliza.
2. Viringisha vitambaa. Weka kimoja chini ya kila ncha ya ubao, kisha gonga tena.
3. Sogeza kila kitambaa hadi kiwe sentimita 11 kutoka ncha. Gonga. Sasa ubao unalia wazi zaidi.
4. Nyunyizia mchanga juu ya ubao. Gonga katikati mara nyingi, pole pole. Mchanga hukusanyika juu ya vitambaa.

Umeona nini? Ubao unapotetema, ncha zake na sehemu ya katikati hupanda na kushuka, bali sehemu mbili hutulia. Egemeo likiwa chini ya sehemu zilizotulia haliuzuii mtetemo sana. Mafundi wa Uganda hutumia maarifa ya namna hii: vibao 12 vya amadinda hulazwa juu ya mashina mawili ya migomba, ambayo ni laini.

Kazi ya mhandisi

Mhandisi apimapo chuma cha mashine hukining'iniza kwa mpira laini, ili mwendo wa mpira uwe wa pole pole mno kuliko mtetemo wa chuma. Kisha hubadili egemeo na kupima tena. Jibu likibadilika, hujua kwamba egemeo lingali linaathiri kipimo.

Nyumba, hata hivyo, haining'inizwi. Tarehe 13 Desemba, 1910, tetemeko kubwa la ardhi liliutikisa ukanda wa Rukwa. Katika tetemeko nyumba hutikisika pamoja na udongo uliopo chini yake. Hapo egemeo haliondolewi katika hesabu. Nalo lazima lipimwe, kwa usalama wa watu waliomo ndani.

Maswali

1. Kwa nini ubao uliolazwa juu ya meza haulii vizuri?
2. Ubao wa sentimita 100 uwekewe vitambaa umbali gani kutoka kila ncha?
3. Utakishikaje chungu ili usikihukumu vibaya?