Waosha Vyombo wa Dampo la Mtoni

Msomaji mmoja wa Mbagala ameuliza hivi: umeme ni wa Tanesco, mabwawa ni ya taifa, mafuta ya magari yanatoka ng'ambo, sasa Halmashauri ya Temeke ifanye nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi, zaidi ya kupanda miti Siku ya Mazingira?

Ishughulikie taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeziachia serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na ndani ya taka hizo, hasa za sokoni, mna chanzo cha gesi ya methani ambacho halmashauri inaweza kukifikia kabla ya mtu mwingine yeyote serikalini. Kwa nini dunia inapata joto, msomaji huyu anajua, kwa hiyo sitalirudia hilo. Inatosha kukumbuka kwamba uzito ule ule wa methani hupasha joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ukaa kwa hesabu ya miaka mia, na takriban mara 80 kwa hesabu ya miaka ishirini.

Dar es Salaam ilianza kubishana juu ya madampo mahakamani zamani. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka karibu na makazi yao. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, huku Kinondoni, nao wakaenda Mahakama Kuu. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, Temeke, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Waliolalamika walitaja moshi, nzi na harufu, na walikuwa na haki. Methani yenyewe hakuna aliyeweza kuitaja, kwa kuwa haionekani wala hainuki.

Inavyozaliwa ndiyo sehemu ninayoipenda, na hapo nitakaa.

Chukua papai lililooza katika soko la Tandale. Likifukiwa chini ya tani za taka nyingine, vijidudu humaliza oksijeni iliyolizunguka katika muda mfupi. Kuanzia hapo kazi hufanywa na viumbe wasiohitaji hewa. Kundi la kwanza la bakteria hukatakata wanga kuwa sukari. Kundi la pili hugeuza sukari kuwa asidi: ya siki, ya propioni, ya butiri. Asidi hizi bado zimebeba nishati, lakini bakteria anayetaka kuila ile ya propioni anakumbana na kikwazo cha ajabu. Kila anapoivunja hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikishajaa kidogo tu pembeni yake, mmeng'enyo unakwama. Kikemia, kazi hiyo huanza kumdai nishati badala ya kumpa. Ili ale, kanieneo ya haidrojeni lazima iwe chini ya takriban sehemu moja kwa elfu kumi ya kanieneo ya hewa tunayovuta.

Mfikirie mama lishe mwenye sufuria imejaa wali na wateja wamepanga foleni, ila sahani zake ni kumi tu. Sahani zote zikishachafuka, biashara imesimama, hata kama wali bado unafuka moshi. Anachohitaji ni muosha vyombo. Sasa muosha vyombo wa dampo halipwi fedha: ujira wake ni makombo yaliyobaki kwenye sahani, na hayo ndiyo chakula chake pekee. Mama lishe hawezi kupakua asipokuwepo muoshaji, na muoshaji hali mama lishe asipopakua. Kadiri muoshaji anavyokazana ndivyo foleni inavyosogea, na faida ya mlo mmoja ni ndogo mno, na inabidi wawili hao waigawane. Tena muoshaji huyu ana sharti: anafanya kazi chini ya turubai tu. Ukilifunua hewa ikaingia, anaanguka. Sahani hapa ni vibebeo vya haidrojeni ndani ya bakteria, makombo ni haidrojeni yenyewe, na muosha vyombo ni akea, kiumbe mdogo anayefanana na bakteria kwa umbo lakini ana ukoo wake, kama Carl Woese alivyoonyesha mwaka 1977. Akea huichanganya haidrojeni na hewa ukaa, na anachotoa baada ya mlo ni methani.

Uhusiano huu nimekuwa nikiutafutia jina. "Kutegemeana" ni pana mno, maana hata nyuki na ua hutegemeana. Hapa mmoja anakula kwa sababu mwenzake anamwondolea alichotoa. Nitauita ulishano.

Ulishano huo uliwahadaa wanasayansi kwa miaka mingi. Maabara zilikuwa zinafuga kijidudu kilichoitwa Methanobacillus omelianskii, kilichosifika kwa kugeuza kileo kuwa methani. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake wakaonyesha kwamba hakikuwa kimoja. Walikuwa viumbe wawili, mpakuaji na muoshaji, wamefugwa pamoja muda wote huo.

Sasa turudi Temeke. Mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya Mfumo wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto, mwaka 2007, ulikuwa wa dampo la Mtoni: kuchimba visima ndani ya taka, kuvuta gesi, kuichoma, na kwa mpango, kuzalisha umeme. Kuichoma pekee tayari ni faida kubwa, kwa kuwa methani hugeuka hewa ukaa. Tatizo ni joto letu na mvua zetu. Katika viwango vya kukadiria vya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, mabaki ya chakula katika dampo la nchi za joto na mvua hupoteza nusu ya uwezo wake wa kutoa gesi katika muda usiofika miaka miwili. Kwenye baridi ya Ulaya yenye mvua ni karibu miaka minne. Waosha vyombo wetu ni wepesi. Ukisubiri dampo lijae ndipo uchimbe visima, sehemu kubwa ya gesi ya chakula imekwisha kupaa.

Ndiyo maana nashabikia zaidi kilichofanyika Mabwepande. Huko Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, ambalo ni jiji dada la Dar es Salaam tangu 2010, imejenga kiwanda cha mboji cha kupokea hadi tani 50 za taka za masoko kwa siku. Taka hupangwa kwa matuta na kugeuzwa mara kwa mara. Kugeuza tuta ni kulifunua turubai: oksijeni inaingia, akea wanalemewa, vijidudu wapenda hewa wanashika kazi, na tuta linapanda hadi nyuzijoto 60 na ushei, moto wa kutosha kuua mbegu za magugu na vimelea vingi. Kaboni inayotoka ni hewa ukaa ambayo papai lilikuwa limeivuta angani msimu huo huo.

Kwa viwango hivyo hivyo vya Jopo, tani moja ya mabaki ya chakula ikifukiwa katika dampo lenye kina kirefu hutoa takriban kilo 40 za methani. Kiwanda kikipokea tani zake 50, kila siku kinazuia kama tani mbili, sawa na tani 56 za hewa ukaa. Tuta lisilogeuzwa vizuri huvujisha kidogo, lakini hesabu haibadiliki sana.

Kinachoweza kuiangusha kazi hii ni mfuko wa nailoni. Taka za Tandale au Temeke Stereo zinapotoka mezani kwa muuzaji ni maganda, majani na matunda yaliyopondeka. Zinachanganyika na plastiki kwenye kizimba na ndani ya lori, na mboji yenye vipande vya plastiki mkulima haitaki. Soko ni la halmashauri, ushuru unakusanywa na halmashauri, mkandarasi wa taka anapewa mkataba na halmashauri, na sheria ndogo inapitishwa na baraza la madiwani. Temeke haihitaji kibali cha wizara kuweka vizimba viwili sokoni, kimoja cha maganda na kingine cha vilivyobaki, na kumlipa mkandarasi kwa uzito wa maganda safi yanayofika kwenye matuta kabla hayajalala siku ya tatu.